KUNI ZA NYUMBANI: KUZINUNUA, KUZICHANJA NA KUZIWEKA

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Dodoma



Mbukwenyi. Nimetanguliza salamu ya wenyeji wetu Wagogo kwa kuwa jambo nililopewa kulisema leo ni la nchi yao, nao walilijua zamani, kabla wengi wetu hatujaletwa huku kwa barua za uhamisho. Jambo lenyewe ni kuni: jinsi ya kuzinunua, jinsi ya kuzichanja, na jinsi ya kuziweka hata zifae kwa moto. Huenda wako watakaonong'ona kwamba walikuja kusikia habari za mishahara na likizo, si habari za jikoni. Nawaomba wavumilie kidogo, maana mshahara hauliwi ukiwa noti; huliwa ukiwa ugali na mboga, na kati ya noti na ugali pana moto. Mtu akipunjika katika moto wake kila siku, ni sawa na kupunguziwa mshahara kila mwezi, wala hana pa kupeleka barua ya malalamiko.

Wala si ajabu chama kama hiki kuzungumza mambo ya nyumbani. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa kiongozi wake, na tangu siku hizo vyama vya watumishi vimekuwa mahali pa watu wa kalamu kufundishana na kusaidiana, kila mtu akileta alichokijua. Nami naleta hiki.

Kabla sijaendelea, yafaa nijibu swali moja lililo wazi. Je, siku hizi za gesi, ya nini kupoteza saa nzima kwa habari za kuni? Ni kweli kwamba mwezi wa Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati iliyo safi. Shabaha hiyo ni njema, na aliye na uwezo wa kupika kwa gesi leo asingoje kesho. Lakini wako wenzetu wafanyao kazi katika kata zilizo mbali na barabara, ambako kuujaza mtungi ni safari ya siku nzima. Tena, hata hapa mjini, katika nyumba yenye gesi, siku ya harusi au ya msiba masufuria makubwa hayapandi juu ya jiko la gesi. Huwekwa juu ya mafiga. Basi maadamu kuni zingali zikiwaka kwetu, ni heri ziwake vizuri kuliko vibaya.

Kwanza tuitazame nchi yetu. Dodoma iko juu ya uwanda wa katikati, yapata mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hata Aprili, nayo kwa wastani ni milimita 570 hivi kwa mwaka, kipimo ambacho watu wa Bukoba wangekiita ukame. Mti katika nchi ya namna hii hukua polepole sana. Mgunga ulio mnene kama paja la mtu umekwisha kuona miaka mingi ya njaa na ya shibe. Nao watu waongezeka: katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mkoa huu ulikuwa na watu 2,083,588, na katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 3,085,625. Yaani katika miaka kumi tumeongeza watu milioni moja, na kila mmoja wao ahitaji chakula kilichopikwa.

Nchi hii imekwisha kutuonya. Huko Kongwa, katika mpango wa karanga wa miaka ya 1947 hadi 1951, mashine ziling'oa pori kwa maelfu ya ekari, karanga zenyewe zikakataa kustawi, na watu wakaona jinsi ilivyo rahisi kuangusha mti na jinsi ilivyo taabu kuurudisha. Huko Kondoa mmomonyoko ulichimba makorongo makubwa, hata mwaka 1973 Serikali ikaanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, iitwayo HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256 ili ardhi ipumzike. Majani na miti vikarudi. Mambo hayo mawili yatufundisha neno moja, nalo ni kwamba kila ukuni tunaouchoma bila faida umetoka katika nchi isiyokuwa na akiba ya kupoteza.

Sasa nawaomba tutoke Dodoma kwa dakika chache, twende katika nchi za theluji, maana huko ndiko kuni zimefanywa elimu, nasi twaweza kujipima kwao. Katika nchi kama Norway, mtu asiye na kuni kavu mwezi wa Januari hasumbuki kwa chakula cha kuchelewa tu; maisha yake yenyewe yamo hatarini. Kwa sababu hiyo watu wa huko hukata magogo wakati wa baridi na mwanzo wa majira ya kuchipua, huyachanja mara moja, huyapanga vizuri mahali penye upepo wakati wa kiangazi chao kifupi, na ndipo huyawasha baridi ifuatayo. Wengine hungoja hata miaka miwili. Mwaka 2011 mwandishi mmoja wa Norway, Lars Mytting, alitoa kitabu kizima juu ya kukata, kupanga na kukausha kuni, nacho kikanunuliwa sana. Mwezi wa Februari mwaka 2013 televisheni ya taifa ya huko ilionyesha habari za kuni kwa saa 12 mfululizo, sehemu kubwa ikiwa moto unaowaka tu, na watazamaji wakaleta malalamiko: hawa wakisema kuni zimewekwa vibaya kwa kuwa magome yametazama juu, na hawa wakisema ni vibaya kwa kuwa yametazama chini. Mnaweza kucheka, lakini watu wanaogombana juu ya magome ni watu wasiowasha kuni mbichi.

Basi tujilinganishe nao. Wao wana kiangazi cha miezi michache; sisi tuna miezi saba ya jua, kuanzia Mei hata Novemba, pamoja na upepo wa Julai na Agosti unaokausha nguo kabla mwenyewe hajamaliza kuzianika. Mungu ametupa kausho lisilolipiwa ushuru. Lakini wao hununua kuni za mwaka ujao, na sisi twanunua kuni za jioni hii. Mwezi wa Desemba, mvua ikinyesha, ndipo twatuma mtoto akimbie kutafuta mzigo, na mzigo upatikanao siku hiyo ni ule uliokatwa jana. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema ni maelezo yake: mnunuzi wa kuni mbichi hununua maji kwa bei ya moto.

Nitawaonyesha kwa hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu. Gogo lililokatwa sasa hivi laweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Twaa kilo 100 za kuni za namna hiyo: kilo 50 ni mti na kilo 50 ni maji. Zikikauka vizuri kwa jua na upepo, maji yatakayobaki ni kama sehemu moja katika tano za uzito. Na kilo zile 100, ukizipima tena, zitakuwa kilo 62 na nusu. Je, kilo 37 na nusu zimekwenda wapi? Zimekwenda hewani, nazo zilikuwa maji matupu. Aliyelipa kwa uzito siku ya kwanza alilipa zaidi ya theluthi moja ya fedha yake kwa kitu ambacho angeweza kukichota kisimani.

Lakini hasara haijaisha. Maji yale yasipotolewa na jua, yatatolewa na moto wako mwenyewe. Joto litakiwalo kuyafanya maji baridi lita moja yachemke na kutoweka yote kuwa mvuke lingetosha kuchemsha maji baridi lita 7 na zaidi. Basi kilo zile 37 na nusu za maji zilizomo katika kuni mbichi hula joto ambalo, kwa hesabu ya joto peke yake, lingechemsha maji zaidi ya lita 260. Mpishi hujua jambo hili pasipo kuandikiwa. Huona povu likitoka katika ncha za kuni, husikia zikilia moto ukiwaka, na chungu hukaa pale pale bila kuchemka. Sisi tulioko barazani twauliza kwa nini chakula kimechelewa, na jibu liko katika mfuko wetu wenyewe.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe kwa utaratibu, kwanza kununua, kisha kuchanja, kisha kuweka.

Katika kununua, jambo la kwanza ni kipimo. Kuni hapa kwetu huuzwa kwa fungu, kwa mzigo wa baiskeli, kwa mzigo wa punda, kwa mkokoteni, na kwa lori. Vipimo hivi vyote havina kosa maadamu mnunuzi ajua kilichomo. Lundo lililomwagwa huonekana kubwa kwa sababu ya hewa iliyo katikati ya vipande. Lundo lile lile likipangwa vizuri hupungua mbele ya macho yako. Lundo lililopangwa lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja, mti wenyewe ndani yake ni kama theluthi mbili tu; likiwa limemwagwa, ni nusu au pungufu. Kwa hiyo huko Marekani hawauziani kuni kwa macho, bali kwa lundo lililopangwa lenye urefu wa futi 8, upana wa futi 4 na kimo cha futi 4. Nasi tufanye vivyo hivyo. Ukinunua kwa mkokoteni, pima kitanda cha mkokoteni kwa futi kamba, kisha mwombe muuzaji kwa adabu azipange. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Jambo la pili ni aina ya mti. Kuni za migunga ni nzito, huwaka polepole na kuacha makaa mazuri ya kukaangia. Mwarobaini, ambao wengi tumeupanda uani kwa kivuli, hukua upesi na huchipua tena ukikatwa, nao matawi yake yafaa. Mbuyu si kuni. Mti wake ni laini, umejaa maji, na anayeuangusha amepoteza matunda ya watoto wa watoto wake kwa ajili ya moshi wa siku mbili. Mninga na mpingo ni miti ya fundi seremala na mchonga vinyago. Kuitia jikoni ni kama kuwashia jiko hati ya nyumba. Mnyaa, ule wa ua wenye maziwa meupe, msiuchome kabisa jikoni wala msiuchanje, maana maziwa yake huumiza macho vibaya. Na kwa kuwa mji wetu ni mji wa reli, nitaongeza kwamba mataruma ya zamani yaliyonyweshwa dawa nyeusi, pamoja na mbao zote zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, hayapasi kupikia chakula, maana sumu yake huruka pamoja na moshi.

Jambo la tatu ni hati. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka mazao ya misitu yavunwe kwa kibali na yasafirishwe kwa hati, na Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, ndio wasimamizi wa misitu ya Serikali. Sisi watumishi ndio tunaoandika vibali vya watu wengine. Itakuwa aibu lori lishusheapo kuni usiku nyumbani kwa karani kwa sababu halina karatasi. Uliza karatasi kabla hujauliza bei. Tena zipo kuni zisizoleta ugomvi na mtu. Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation la mkoani humu limekuwa likiwafundisha wakulima kazi iitwayo Kisiki Hai: mkulima haung'oi mti uliokatwa zamani, bali huchagua machipukizi machache yaliyo imara juu ya kisiki, huyaacha yakue, na mengine huyapogoa. Mti hurudi, kwa kuwa mizizi yake ilikuwapo tangu zamani, na yale yaliyopogolewa ni kuni. Kuni za namna hiyo ni nyembamba, hukauka upesi, wala hazihitaji shoka zito. Mnunuzi anayezipendelea amemlipa mkulima kwa kutunza mti badala ya kumlipa kwa kuuangusha.

Jambo la nne ni wakati. Nunua mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na mashamba yamevunwa, njia zikiwa kavu na wenye mikokoteni wakiwa na nafasi. Ukinunua mwezi huo, haidhuru kuni zikiwa mbichi kidogo, maana una miezi mitano ya kuzikausha. Ila usikubali kuzilipia bei ya kavu.

Sasa nafika kwenye kuchanja. Wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi, nami nasema gogo lichanje lingali bichi. Mgunga uliokauka ukiwa gogo zima hugeuka kama chuma, na shoka hurudi kwako kana kwamba limetukanwa. Ukiwa mbichi, hukubali kupasuka. Tena gogo zima, gome lake likiwa limelifunika pande zote, hukauka kwa shida, maana maji hutokea zaidi katika ncha zake mbili. Likichanjwa vipande vinne au sita, upepo hupata uso mpya wa kulamba. Kwa hiyo kata magogo kwa msumeno yawe na urefu ulio sawa, sentimita 40 au pungufu kwa kadiri ya jiko lako, kisha yachanje wiki ile ile yalipofika.

Shoka la kuchanjia si lile la kuangushia mti. La kuangushia lina makali membamba yanayoingia ndani na kukwama. La kuchanjia ni nene nyuma ya makali, ili lisukume pande mbili ziachane. Tazama mpini kabla hujaanza, usiwe umelegea wala kupasuka. Simamisha gogo juu ya kigogo kikubwa kilicholala imara, kimo chake kikifika magotini. Usilisimamishe juu ya mawe, wala usilishike kwa mguu wala kwa mkono. Panua miguu, vaa viatu, na waondoe watoto mbali. Tafuta ufa ambao jua limekwisha kuuanza katika ncha ya gogo, upige hapo, maana mti wenyewe hukuonyesha mahali unapotaka kuachana. Gogo lenye mafundo usilipige katikati. Anza pembeni, ulimege kidogo kidogo, na fundo libaki la mwisho. Likikataa kabisa, tumia kabari ya chuma na nyundo kubwa. Usipige kisogo cha shoka moja kwa shoka jingine, maana kipande cha chuma hukatika na kuruka machoni.

Najua kwamba hapa pana neno ambalo watu hulifikiri bila kulisema. Wako wanaoona kuwa mtu aliyesoma, avaaye shati jeupe, hapaswi kuonekana uani akichanja kuni. Kazi hiyo ni ya mama watoto, au ya kijana wa kulipwa. Tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari za Wagibeoni, ambao kupasua kuni na kuteka maji kuliwekwa juu yao kuwa adhabu. Lakini nyumbani kwetu, ni nani aliyekosa hata aadhibiwe? Mwanamke anayeamka kabla ya alfajiri, mwenye mtoto mgongoni, akipigana na gogo lenye mafundo kwa panga butu, hakufanya kosa lolote. Mikono inayoshika kalamu siku tano yaweza kushika shoka asubuhi ya Jumamosi, na siku ya Jumatatu mwandiko wake hautaharibika.

Kisha kuziweka. Adui wa kwanza wa kuni katika nchi hii ni mchwa, na wa pili ni mvua. Usipange kuni juu ya udongo. Weka mawe, juu yake fito mbili au tatu, uwe kama kichanja, na kuni zipande juu ya hapo. Zipange zikitazama upepo, pasiwe na kitu cha kuziba ubavuni, hewa ipite. Juu peke yake ndipo pafunikwe, kwa bati la zamani au kwa kuzipanga chini ya upenu. Anayezifunika pande zote kwa turubai huzifungia maji yake ndani, na atakuta zimeota ukungu. Kuhusu magome kutazama juu au chini, sitaingia katika ugomvi wa watu wa Norway. Ila palipo na mvua, gome likiwa juu hufanya kazi ya kigae. Tena usitie mkono katikati ya lundo bila kutazama. Chukua kutoka juu, na gusagusa kwanza kwa fimbo, maana nyoka na nge nao hupenda nyumba iliyopangwa vizuri.

Utajuaje kwamba zimekauka? Ncha zitakuwa na nyufa kama jua linavyochorwa na mtoto. Gome litabanduka kwa kidole. Vipande viwili vikigonganishwa vitalia kwa sauti kali, si kwa sauti ya kiazi. Na kwa mtu wa masijala iko njia iliyo bora zaidi: chagua kipande kimoja, kiandike namba, kipime kwa mizani kila Jumamosi, na uandike uzito katika daftari. Siku ambayo uzito umeacha kupungua, kuni zako zi tayari.

Sijasema bado habari ya moshi, nayo ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na moto wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na katika hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto ambao hawajafika miaka mitano. Kuni mbichi ndizo zinazofuka zaidi, kwa sababu moto wake ni baridi na hauziunguzi gesi zote za mti. Kuni kavu hupunguza moshi, ila haziondoi wote; kwa hiyo jiko liwe na dirisha au tundu la juu, kuni ziwe nyembamba, zitiwe chache chache, na mtoto mchanga asilazwe karibu na mafiga. Macho mekundu ya mama zetu hayakuwa ya uzee tu. Nani kati yetu hajui kikohozi kile cha asubuhi?

Bwana Mwenyekiti, sitaki maneno haya yaishie katika makofi. Naleta mashauri matatu mbele ya mkutano, yajadiliwe na kupigiwa kura.

Shauri la kwanza: jifya moja haliinjiki chungu. Mtu mmoja mwenye mshahara mdogo hawezi kununua kuni za miezi sita kwa siku moja, na kwa kuwa hawezi, hununua kidogo kidogo, na anunuaye kidogo kidogo ndiye alipaye bei kubwa kuliko wote. Basi wanachama wanaotaka wachange kwa miezi mitatu, Machi, Aprili na Mei. Halmashauri ichague watu watatu, wanunue mwezi wa Juni lori lenye hati kamili, kwa lundo lililopangwa na kupimwa. Na mafungu yagawanywe kwa kura mbele ya watu wote, hesabu zikibandikwa ukutani.

Shauri la pili: tusiwasahau wanawake wanaoleta mizigo vichwani kutoka vijijini. Tukinunua magogo kwa lori, tuendelee kununua kwao vijiti vya kuwashia, tena tusiwapunguzie bei kwa kuwa jua limekuchwa na wao wana haraka ya kurudi. Mtu aliyetembea tangu alfajiri na mzigo kichwani asikutane mlangoni kwetu na hila.

Shauri la tatu: chama kiwe na akiba yake ya kuni, lundo moja lililochanjwa na kufunikwa, lisiguswe ila kwa msiba wa mwanachama. Kifo hakiangalii majira. Kikija mwezi wa Januari, watu mia wamekaa chini ya turubai, mvua yanyesha, na wapishi wahangaika na magogo yaliyokatwa jana, hapo mfiwa huongezewa deni na fedheha juu ya huzuni yake. Lakini kama mwezi wa Juni wenzake walikwisha kushika shoka kwa ajili ya siku isiyojulikana ya mtu asiyejulikana, mafiga yatawaka mara moja, na wageni watakula wakiwa wamekaa pakavu. Msaada ulioandaliwa mapema kama kuni kavu hauna moshi.

 Naacha mashauri hayo mezani pako, Bwana Mwenyekiti.